Nimejaribu zile poda za majani "ya kuzuia kanseri" za Kadutu, Bukavu: ya matembele nunua, ya sombe achana nayo

Naanza na jibu juu najua wengi wanasoma hii wakiwa ndani ya bisi na bando inaisha. Poda ya matembele ni chakula muzuri, naipa nyota nne. Poda ya sombe mbichi, yaani majani ya muhogo, siipi hata moja, na kama ingekuwa ni mimi ningeitoa kwa rafu leo leo. Ya korosoli, ile Watanzania wanaita mustafeli, pia hapana, hasa kwa mtu anayetaka kuinywa kila siku. Na yale maneno yote ya kanseri yaliyoandikwa kwa kopo, hayo njo yamenifanya nikae chini niandike, juu kwa maoni yangu nusu ya bei unayolipa pale unalipia hayo maneno, hulipii majani.

Butiki yenyewe sitaitaja jina. Iko upande wa kupanda kuelekea soko la Kadutu, na mwenye nayo ni mama mmoja mwenye adabu sana, anakaribisha kila mtu papa, mama, yaya, na alivyosikia kama nafundisha kemia sekondari akaanza kuniita prof na kunionyesha vitu ambavyo pengine hawaonyeshi wateja wengine. Huduma sina la kulalamika. Anakuacha unuse, anakufungulia kopo, anapima kwa mizani mbele yako. Risiti unaandikiwa ukiomba. Franka anapokea kwa kiwango cha siku ile, dola pia, lakini noti ikiwa na kipasuko hata cha urefu wa kucha hataki kuiona, hiyo ni kawaida yetu hapa, usimlaumu. Kopo la gramu 200 la matembele ni dola 6, la sombe hivyo hivyo, korosoli dola 10. Ukikumbuka kifungu cha matembele mabichi kwa bamama wa sokoni ni bei ya kutafutia chenji tu, unaelewa kama hapa mtu anakuuzia kitu kingine pamoja na majani.

Sasa etiketi. Imeandikwa kwa Kifaransa kimoja kizito halafu chini kwa Kiswahili: inasafisha damu, inazuia na kutibu kanseri ya titi, mapafu, tumbo na prostati, antioksidanti mara kumi kuliko chungwa, vitamini B17 asili, haina kemikali. Hiyo ya mwisho kwa mwalimu wa kemia ni kama tusi lakini tuiache, maji yenyewe ni kemikali, twende mbele.

Nianze na matembele juu njo ilinifurahisha. Poda ni laini, kijani kile chenyewe si kile cha kahawia, inaonekana majani yalikaushwa kwa kivuli, na hiyo ni kazi muzuri juu jua kali linakula vitamini C na karotini, poda inabaki rangi ya vumbi. Mchanga kidogo sana kwa meno, si haba. Harufu ni ya majani makavu ya chai hivi, na ukiitia kwa mchuzi wa sambaza, vile visamaki vidogo, dakika tano kabla ya kutoa kwa moto inakuwa nzito na tamu, watoto hawakugundua kitu. Kwa uji sikuipenda. Kwa maji ya moto peke yake, vile mama alinishauri, hapana kabisa, unakunywa kitu cha bwawa. Na weka mafuta jamani, mawese ao mengine, karotini na luteini haviingii mwilini vizuri bila mafuta, kwa hiyo yule anayekunywa poda na maji asubuhi tumbo wazi anajitesa bure.

Na hapa nitamtetea yule mama kidogo, juu watu wanasikia "majani ya viazi yanapigana na kanseri" wanacheka tu wanasema uongo wa sokoni, kumbe kuna kitu cha kweli chini yake. Majani ya viazi vitamu yana polifenoli, dutu fulani za mimea, nyingi kuliko kiazi chenyewe, hasa kundi moja linaitwa asidi za kafeoilikwiniki, ndugu za ile asidi ya klorojeniki iliyo kwa kahawa, na yale yenye rangi ya zambarau kwa vikonyo yana antosianini pia. Wajapani wameyafanyia kazi miaka mingi, wamefikia hata kuzalisha aina ya viazi ya kulima kwa ajili ya majani tu. Mwaka 2007 walitoa matokeo kwamba hizo asidi zikiwekwa kwa seli za kanseri ya tumbo, ya utumbo mpana na ya damu, seli zinapunguza kukua, na ile yenye matawi matatu ya kafeoili njo ilikuwa na nguvu zaidi. Hiyo si hadithi, ni kazi ya labo ya watu makini.

Lakini soma tena: zikiwekwa kwa seli. Yaani seli ziko ndani ya kisahani cha plastiki, hazina ini, hazina utumbo, hazina mtu. Unamwagia dutu iliyosafishwa kwa kipimo unachotaka wewe na inakaa pale pale inagusana nazo siku nzima. Sasa mtu wa Bukavu anakula bugali na matembele. Zile asidi zinafika kwa utumbo, sehemu ndogo inapita kwa damu, nyingine bakteria za utumbo zinazivunja kuwa vitu vingine, ini nalo linavikamata linavifunga linavituma kwa figo, na unaenda kukojoa. Kinachobaki kwa damu kinaweza kuwa mbali sana chini ya kile kilichomwagwa kwa kisahani. Vitu vingi mno vinaua seli za kanseri kwa kisahani, hata pombe kali na chumvi ikizidi vinaua. Swali njo linalofuata: je, kinaua hizo na kuacha zako nzima, kwa kipimo ambacho mwili wa mtu unaweza kukibeba? Kwa matembele hakuna aliyeonyesha hivyo kwa wagonjwa. Etiketi imeruka kutoka kisahani moja kwa moja mpaka "inatibu", na pale katikati njo kazi yote iko.

Nilifanya na kamchezo kangu mbele ya wanafunzi. Chukua yodi ile ya kupaka kwa kidonda, matone machache kwa maji yaliyochemshiwa unga wa muhogo kidogo, yanageuka bluu nyeusi. Ukitonesha antioksidanti, yaani kitu chenye nguvu ya kutoa elektroni kama vitamini C, ile bluu inapotea. Nilitonesha limau, ikapotea haraka. Nikachuja poda ya matembele kwa maji ya moto, nikatonesha, ikapotea pia, pole pole lakini ikapotea. Wanafunzi wangu walipiga makofi. Halafu mmoja mkorofi akaniletea chai yetu ya kawaida ya Kivu, nyeusi, iliyokolea, isiyo na sukari, tukatonesha, na ile chai ikaishinda poda ya dola 6 bila kutoka jasho. Sasa je, nianze kuuza chai kama dawa ya kanseri?

Kwa labo kubwa wanatumia kitu kinaitwa DPPH, ni zambarau, antioksidanti ikiingia inageuka njano, na kila makala ya jani la shamba lolote utakuta hiyo rangi imegeuka njano halafu mwandishi anaandika kwamba jani lina uwezo mkubwa. Sawa, lina uwezo wa kugeuza rangi ndani ya chupa. Wizara ya kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali kubwa la kupanga vyakula kwa nguvu za antioksidanti, hilo njo wauzaji wa dunia nzima walikuwa wanachukua "mara kumi kuliko chungwa" zao, na mwaka 2012 wakalitoa wenyewe kwa tovuti yao wakasema zile namba hazionyeshi chochote kuhusu afya ya mtu na zinatumiwa vibaya na makampuni. Miaka imepita, etiketi bado inaziimba.

Na chai njo mfano wenyewe juu ni jani lililochunguzwa sana kwa watu. Mwaka 2020 kikundi cha Cochrane kilikusanya tafiti 142 za chai ya kijani na kanseri, zaidi ya watu milioni moja ndani yake, na jibu likawa: haieleweki, nyingine zinasema ndiyo, nyingine hapana, hakuna cha kumwambia mtu kunywa chai ili kuzuia kanseri. Na ile dondoo yake kali ya vidonge, wakubwa wa usalama wa chakula wa Ulaya walisema 2018 kwamba ukifika miligramu 800 za katekini yake kuu (polifenoli ya chai) kwa siku, ini linaanza kuonyesha dalili za kuumia. Jani lile lile kwa kikombe halina shida. Ukilikamua ukalifanya kidonge linakuwa kitu kingine.

Iko na mbaya zaidi. Etiketi inasema inazuia kanseri ya mapafu, na karotini ya majani njo inayosifiwa kwa hiyo. Hiyo walishaijaribu. Ufini, wanaume wavutaji sigara 29,133, matokeo yalitoka 1994, waliopewa vidonge vya betakarotini walipata kanseri ya mapafu asilimia 18 ZAIDI ya wale wengine. Watu hawakuamini. Wamarekani walikuwa na jaribio lao kubwa wakati ule ule, likasimamishwa kabla ya muda wake 1996 juu namba zilikuwa zinaelekea huko huko. Hapa nisieleweke vibaya, ni vidonge vya kipimo kikubwa kwa wavutaji, si mchicha wala lengalenga, mtu asiniambie prof amekataza mboga. Lakini yule anayevuta pakiti moja kwa siku halafu ananunua kopo la karotini kama kinga, huyo namuomba aache sigara abaki na dola zake.

Sasa sombe. Hapa nitakaa.

Sombe ni chakula chetu, mimi bila sombe Jumapili najiona niko ugenini. Jani la muhogo likikaushwa, protini inafika kati ya asilimia 20 na 30 ya uzito, lina karotini, lina rutini na flavonoidi nyingine ambazo watu wa labo wanazipenda. Lakini kila mama wa hapa anajua hailiwi mbichi, inatwangwa, inachemshwa muda mrefu, na hiyo si desturi ya kupoteza makaa. Ndani ya jani iko linamarini, dutu iliyobeba sianidi, na pembeni yake, kwa chumba kingine cha seli, iko kimeng'enya cha kuivunja. Ukitwanga unavunja kuta, vinakutana, sianidi, ile sumu kali, inatoka, na sianidi hidrojeni inachemka kwa digrii 26 hivi, kwa hiyo ukiacha sufuria wazi inaondoka na mvuke. Kinu na moto njo vimetufanya tule sombe vizazi na vizazi.

Nikamuuliza mama: haya majani ya poda yalitwangwa na kuchemshwa kwanza kabla ya kukaushwa? Akajibu kwa fahari kabisa, "Hapana prof, ni mabichi, tunakausha hivyo hivyo ili nguvu isipotee, ile B17 ikichemshwa inakufa."

Nilishika rafu.

Kukausha kunapunguza sehemu, sikatai, lakini jani likikauka zima linamarini nyingi inaweza kubaki imelala pale, halafu unaisaga, unaitia kwa maji ya vuguvugu, unakunywa, na bakteria za utumbo nazo zinajua kuivunja. Kwa unga wa muhogo kiwango cha kimataifa cha Codex ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, basi, na ule ni unga unaopikwa tena. Hii poda nani ameipima? Kuna kakipimo rahisi cha karatasi ya pikrati, ya njano, sianidi ikiwepo inageuka kahawia, labo yoyote ya kilimo inaweza kukifanya. Hakuna aliyekifanya. Na sisi Wakongo njo watu wa mwisho wa kuchezea sianidi ya muhogo, konzo ilielezwa mara ya kwanza kwa maandishi ya kiganga hapa hapa nchini, Kwango, na daktari Trolli mwaka 1938, watu wanaamka miguu imekaza haifunguki tena maisha yote. Ile ilitoka zaidi kwa mizizi ya muhogo mchungu isiyolowekwa vya kutosha pamoja na kukosa protini, si kwa sombe ya kupikwa, lakini sumu ni hiyo hiyo moja.

Na hiyo "B17" siyo vitamini. Hakuna ugonjwa unaopata kwa kuikosa. Ni jina la biashara walilobandika amigdalini, ya mbegu za aprikoti na lozi chungu, na dawa yao ya laetrili, na wauzaji wakaona linamarini ya muhogo nayo inatoa sianidi basi wakaiingiza kwa familia. Waliijaribu kwa wagonjwa 178 wa kanseri Marekani, matokeo 1982: hakuna aliyepona, uvimbe uliendelea, hakuna aliyeongezewa maisha, na wengine damu yao ilikutwa na sianidi karibu na kiwango cha kuua. Hiyo njo rekodi ya B17.

Kwa hiyo poda ya sombe, kama umeshainunua, usiinywe, na kama roho inauma kutupa dola 6, chemsha kwa maji mengi sufuria wazi muda mrefu kama unavyopika sombe ya kawaida. Lakini kwa nini ujisumbue wakati sombe iliyotwangwa iko nje pale kwa beseni?

Korosoli nipite haraka. Tunda lenyewe ni tamu. Majani yake yana asetojenini, mojawapo ni anonasini, na ndiyo, inaua seli za kanseri kwa kisahani vizuri sana, na njia yenyewe ni kuzima mitokondria, pale seli inapotengenezea nguvu. Shida ni kwamba seli za ubongo nazo zinaishi kwa mitokondria. Guadeloupe, kisiwa cha Wafaransa kule Karibi, watu wana desturi ya kula hilo tunda na kunywa majani yake kila siku, na mwaka 1999 madaktari waliandika kuhusu wingi wa ugonjwa unaofanana na Parkinson kule, usiosikia dawa ya kawaida ya Parkinson, na mshukiwa wa kwanza akawa huyo huyo. Haijathibitishwa mia kwa mia lakini mimi sitampa mzazi wangu kikombe cha hiyo asubuhi na jioni, na mama wa butiki alikuwa anashauri hivyo hasa, asubuhi na jioni miezi sita.

Mama siyo mjinga, aliniambia neno moja nikakosa jibu la haraka: "Prof, hata kinini ilikuwa muti tu, si unaona Pharmakina?" Kwa mtu wa Bukavu hiyo ni hoja nzito, tumekua tukijua magome ya mti wa kinkina yanaingia kiwandani pale na kinini, dawa ya malaria, inatoka. Na kanseri nayo iko na mfano wake, tena wa majani kabisa: kuna kaua kadogo ka waridi kutoka Madagaska, watu wanakapanda kwa mapambo, na zamani watu wa visiwa walikuwa wanachemsha majani yake kwa ugonjwa wa sukari. Wakanada wawili, Noble na Beer, walikuwa wanayapima kwa ajili ya sukari hiyo hiyo, sukari haikushuka, lakini panya walipungukiwa seli nyeupe za damu. Wakafuata huko, 1958 wakatangaza vinblastini, dawa ya kanseri, halafu ikaja na vinkristini, ambayo mpaka leo inadungwa watoto wenye kanseri ya damu na inawaponya wengi pamoja na dawa zingine.

Kwa hiyo mama ana haki, dawa inatoka kwa jani. Lakini angalia ilivyotoka: ili kupata gramu moja ya vinblastini inahitajika karibu kilo 500 za majani makavu, na mgonjwa anadungwa miligramu chache tu zilizohesabiwa kwa ukubwa wa mwili wake, juu ikizidi inaharibu neva na uboho. Hakuna aliyepona kanseri ya damu kwa kunywa chai ya kale kaua, na kunywa kwenyewe ni sumu. Kinini pia, Wafaransa Pelletier na Caventou waliitoa peke yake ndani ya gome mwaka 1820 na njo ikawezekana kupima kipimo. Kijiko cha kopo hakijui kimebeba miligramu ngapi za nini. Kopo la leo na la mwezi ujao yametoka shamba tofauti, mvua tofauti, pengine hata aina ya mmea tofauti.

Nilimueleza hivyo, akasikiliza, akasema "sawa prof," na pale pale akaingia dada mmoja, amevaa vizuri, sauti ya chini, anauliza: mama mkwe wake ana uvimbe kwa titi tangu msimu uliopita, hospitali wamesema akatwe kipande kidogo wakipime, mzee anaogopa kisu, sasa ampe vijiko vingapi vya ile ya korosoli na je, hicho kipimo kinaweza kusubiri? Mama akafungua mdomo aseme vijiko viwili, akaniangalia, akanyamaza. Basi nikamwambia mimi. Nikamwambia vivimbe vingi vya titi siyo kanseri kabisa, na njia ya kujua ni hicho kipande, hakuna poda inayojua. Na kama ni kanseri, tofauti ya kuja mapema na kuja wakati uvimbe umeshatoboa ngozi ni kubwa kupita tofauti ya dawa na dawa. Kwamba kuna watu wa hapa wanavuka mto Ruzizi wanaenda mpaka Butaro, kile kituo cha kanseri Rwanda kilichofunguliwa 2012, na wanarudi. Kwamba kama ataanza kimio, yaani dawa kali za kuua seli za kanseri, asifiche kwa daktari majani yoyote anayokunywa, juu kuna dawa na miale zinazofanya kazi kwa kutengeneza radikali, molekuli kali zinazoharibu seli, zile zile ambazo antioksidanti za vidonge na poda zinazima. Alisikiliza. Alinunua kopo la matembele. Sikumuuliza zaidi, si ndugu yangu.

Hiyo dakika njo imenifanya nikate nyota, si ladha wala bei. Poda ikikaa kwa rafu ya chakula ni chakula. Ikiandikwa "inatibu" inamfanya mzee asubiri.

Mambo madogo yaliyobaki kwa wanaotaka kununua matembele. Anayekunywa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, warfarini, aongee na daktari kwanza juu majani yote ya kijani yana vitamini K nyingi na poda imeikusanya mahali pamoja. Mwenye figo mbovu pia, potasiamu ni nyingi. Kopo ukilifungua lifunge kabisa, unyevu wa Bukavu wakati wa mvua mnaujua, na kitu kikavu kikipata unyevu kinaota ukungu, na ukungu wa kundi la Aspergillus unaweza kutoa aflatoksini ambayo wataalamu wa kanseri wa shirika la afya duniani wameiweka kwa kundi la kwanza, yaani inasababisha kanseri ya ini bila ubishi. Ukinusa harufu ya godoro bichi, mwaga. Usione huruma ya dola 6.

Na kama unaishi karibu na soko na una dakika kumi za kuchambua majani, huihitaji hii poda hata kidogo. Matembele mabichi, lengalenga, mushogoro, sombe iliyopikwa, leo hii kesho ile, kila siku gramu 400 za mboga na matunda njo shirika la afya linaomba, na hakuna anayefika huko kwa kijiko. Poda inafaa kwa mwanafunzi anayejipikia kwa chumba kimoja, kwa anayesafiri, kwa mama anayerudi saa moja usiku na soko limeshafungwa. Kwa hao nasema ndiyo, dola 6 si ghali sana, kopo linakaa muda, mchuzi unapendeza.

Nilimuomba mama abadilishe etiketi. Ananiambia zimeshachapishwa nyingi, ziko kwa katoni nyuma, atamaliza hizo kwanza. Juu ya sombe alikubali kubandika karatasi ya kuandika kwa mkono, "chemsha kwanza", nimepita juzi nimeiona kwa makopo ya mbele tu, ya nyuma bado. Ukitaka akutumie kwa motari wa pikipiki anatuma, mtaelewana bei ya safari kwa simu. Na ukienda mwenyewe usichukue kopo la matembele lililo kwa dirisha, jua limeshalipausha, muombe akutolee la ndani.